Mama wa Injini ya Glavu

Asubuhi ile gazeti lilipokewa na mikono minne kwa mpigo, nusura lichanike. Ukurasa wa saba, chini ya tangazo la mbegu za mahindi na juu kidogo ya tanzia, palikuwa na picha ya gari jekundu la mashindano, la zamani, limeinama mbele kama bata anayetaka kunywa maji. Pembeni yake pakawekwa picha nyingine ndogo, ya chuma cheusi. Kichwa cha habari kilisema: INJINI YA FOSSAVECCHIA KUJULIKANA KWAO LEO.

"Soma kwa sauti, Sikio," akasema Dirce, mwenye baa, aliyekuwa nyuma ya kaunta akikata donge la unga vipande vya kukaanga. "Na usiongeze chumvi. Chumvi ninayo mimi."

Sikio aliipiga kengele ya kanisa miaka arobaini, na tangu astaafu anadai kuwa hakuna injini asiyoweza kuitambua kwa mlio wake. Kengele zilimwachia sikio moja tu lililo hai, na hilo nalo huamka likitaka. Akajikohoza, akasoma:

"Leo saa tano asubuhi, Injinia Tassi wa chama cha magari ya kale atawasili Fossavecchia kuikagua injini ya gari la Mheshimiwa Adelmo Bergonzini, na kutamka kama kweli ilitoka katika ile nyumba kubwa iundayo magari ya mbio. Jiwe la marumaru lenye habari hiyo limekwisha chongwa, na litafunuliwa Jumapili kwenye ukuta wa manispaa, bendi ikipiga."

"Limekwisha chongwa?" akauliza Bibi Ersilia kutoka kwenye kiti chake cha karibu na jiko. Alikuwa anamenya njugu za kuchoma, maganda akiyakusanya kwenye aproni. "Kabla mtaalamu hajafika? Huyo mtoto kaandikiwa baba, na mama hajaulizwa."

Baa nzima ikacheka, isipokuwa mtu mmoja.

Huyo mmoja ndiye Mheshimiwa mwenyewe. Kijiweni hapo jina lake ni Glavu, maana huvaa glavu za ngozi za dereva hata akinywa kahawa, na kikombe hukishika kama usukani. Gari lile alirithi kwa baba yake, aliyeliunda kwa mikono yake kwenye banda la nyuma ya nyumba, miaka ile ambayo kila kijana wa uwanda huu akipata magurudumu manne alijiona bingwa. Bodi ilijulikana ilikotoka, na magurudumu pia. Ila injini! Injini haikuwa na namba. Mahali pa namba pamesagwa kwa tupa mpaka pakang'aa. Kwa miaka thelathini Glavu amekuwa akiwaambia watu kuwa kile ni chuma cha kifalme kilichotoroshwa usiku na fundi mmoja aliyekuwa na deni la shukrani kwa baba yake.

"Cheka, Bibi Ersilia, cheka," akasema Glavu. "Leo saa tano meno yatafunikwa. Hata hayo mawili."

"Ni matatu. La tatu ni la akiba, nalitunza kwa ajili ya harusi yako."

Sikio akapiga meza. "Mimi nimeshawaambia, mtaalamu wa nini? Mlio wa injini ile ni wa ng'ambo ya milima. Ule si mlio wa kwetu. Injini ya kwetu hulalamika, ile inaamuru."

"Wewe uliwahi kusema pikipiki ya padri ni helikopta," akasema Nyundo.

"Kulikuwa na ukungu siku ile!"

"Ukungu unaingia masikioni?"

Nyundo alikuwa mzee mfupi mwenye mabega kama mlango. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusubu vyuma, yaani kuviyeyusha na kuvimimina kalibuni, cha hapa Fossavecchia, kile ambacho sasa ni ghala la majokofu, na kwa sababu hiyo kila kitu cha chuma duniani, kuanzia sindano hadi meli, yeye ndiye msemaji wake. "Tazameni bolti," akasema. "Bolti zile ni za ndege. Nimesema na nitasema tena. Ile injini iliwahi kuruka."

"Ingekuwa imeruka isingechemsha kila ikifika kwa mwuza dawa," akasema Dirce. "Tangu nimeolewa mpaka nimefiwa sijaona gari lile likipita duka la dawa bila kutoa moshi kama chungu cha maharage."

"Hiyo ni damu!" Glavu akainua kidole chenye glavu. "Damu ya mashindano. Farasi wa mbio ukimtembeza polepole barabarani hukasirika, akatoa povu. Injini ile inakasirika."

"Miaka thelathini ya hasira. Basi apelekwe kwa padri akaombewe."

"Na ushahidi nimeutoa kwenye gazeti, kila mwenye macho aone." Glavu akaichukua ile karatasi, akaitandaza mezani. "Hii picha ndogo ni ndani kabisa, ukifungua kifuniko cha ubavuni, kwenye njia ya maji. Mnaona hii alama iliyotuna? Haikugongwa kwa nyundo wala kuchorwa. Imezaliwa na chuma chenyewe. Kiatu cha farasi! Ile nyumba kubwa ilikuwa na siri: injini za mbio, na hizo tu, ziliwekewa kiatu cha farasi tumboni, wezi wasijue. Baba aliniambia akiwa kitandani."

"Kitanda cha kufia au cha kulewea?" akauliza Dirce.

"Na hiki kidole kimoja kilichopinda nje kinaonyesha mwendo kasi."

Wazee wakainamia gazeti, wakatikisa vichwa kama watu waliofunuliwa jambo, ingawa wote walikwisha kuiona alama hiyo mara mia kwa tochi ya Glavu, gerejini kwake, ng'ambo ya barabara. Wanaume wote wa Fossavecchia waliiona. Wanawake hawakuiona hata mmoja, kwa sababu Glavu alirithi pamoja na gari sheria ya baba yake, kwamba pumzi ya mwanamke huingiza kutu kwenye injini iliyofunguliwa. Hata marehemu mkewe alikuwa akiacha sahani ya chakula mlangoni.

"Nipeni na mimi nione," akasema Bibi Ersilia.

"Gazeti halishiki kutu," Dirce akamkumbusha Glavu, akalichukua, akampelekea.

Ersilia akavaa miwani. Akaitazama ile picha ndogo. Kisha akalilaza gazeti magotini juu ya maganda, na mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, polepole, hadi kwenye fundo la nywele kisogoni, ukapapasa kitu, ukashuka.

Hakusema neno. Watu waliomzoea wangejua kuwa huo ni mwujiza, lakini wazee walikuwa wamesharudi kubishana kuhusu ndege.

Enzi za kile kiwanda Ersilia alikuwa na miaka kumi na mitano. Meza ndefu, wasichana watatu: yeye, Velia na Norina. Mbele yao mchanga uliochanganywa na mafuta, mikono mieusi hadi viwikoni. Na siku moja, ofisini kwa bosi, yeye amesimama peke yake kwenye zulia, ameambiwa avue viatu kwanza ili asilichafue.

Akakohoa. "Kitendawili!"

Kelele zikapungua. Ersilia akitega, hata Sikio husikia.

"Tega!" wakaitikia.

"Nilimjaza tumbo ili azaliwe na tumbo tupu."

Mafuta ya nguruwe yakawa yanachemka taratibu kwenye kikaango cha Dirce.

"Gunia," akasema Sikio.

"Gunia linazaliwa wapi?"

"Mwanasiasa," akasema Nyundo. "Unamjaza, anakuja bungeni hana kitu."

"Umekaribia kwa tabia, si kwa jibu."

"Soseji," akasema Glavu kwa dharau. "Puto. Kengele. Mimi sina muda, namsubiri Injinia."

"Mmeshindwa?"

"Tumeshindwa. Tukupe mji," akasema Sikio. "Chukua Bologna."

"Bologna sitaki, kuna kelele."

"Chukua Parma, ule paja la nguruwe mpaka uote mkia."

"Parma nilikwenda, nikakuta watu wanavaa kofia ndani ya nyumba. Sitaki." Ersilia akapangusa mikono. "Nataka Fossavecchia. Na ndani ya Fossavecchia nataka uwanja, na kwenye uwanja ukuta wa manispaa, na kwenye ukuta lile jiwe la Mheshimiwa. Lichongwe majina matatu: Velia, Norina na Ersilia. Wachonga mchanga."

Vicheko vilivyozuka hapo vilimfanya mbwa wa Dirce atoke chini ya kaunta kuangalia nani kafa.

"Jiwe langu!" Glavu akajifuta machozi kwa glavu. "Kwa kitendawili cha soseji!"

"Kwa injini. Mimi nakwambia hiyo injini najua ilikotoka. Si ng'ambo ya milima, wala angani, wala kwenye jumba la mfalme. Nikikuonyesha, unanipa jiwe. Nikishindwa, Jumapili nitasimama mbele ya bendi, nitakupigia magoti, nitasema mbele ya watu wote kwamba pumzi ya mwanamke ni kutu."

Glavu akatazama kushoto, akatazama kulia. Mtu mwenye watazamaji hawezi kurudi nyuma. Hiyo ndiyo dawa yake na ndiyo sumu yake. "Mashahidi mpo? Haya. Ukinionyesha mama wa injini yangu, jiwe lako. Hata ukisema ni wewe!"

"Ni mimi."

Baa ikacheka mara ya pili. Nyundo ndiye pekee aliyecheka akiwa amechelewa, kisha akaacha kabla ya wengine.

"Dirce mwanangu," akasema Ersilia, "nipe sahani ya kikombe na machicha ya kahawa ya asubuhi, yale mabichi. Na upawa wa mafuta, yapoze kidogo."

Dirce akamletea. Bibi Ersilia akayamimina machicha kwenye sahani, akayashindilia kwa kiganja, akayapangusa juu kwa kisu mpaka yakawa bapa kama sakafu. Mikono yake ilikuwa na miaka themanini na mitatu, lakini kwenye kazi ile ilirudi kumi na tano. Kisha akainua mkono kisogoni, akachomoa pini ya nywele. Pini nyeusi, ya chuma, ya zamani: mguu mmoja umenyooka, mmoja una mawimbi, na ncha yake imepinda nje kama kidole cha bata.

"Hii niliifungua kwa meno siku ya kwanza nilipovaa," akasema. "Ikapinda, sikuwa na nyingine. Pini zimekuja zimekwenda, hii imekaa."

Akailaza juu ya machicha, akaikandamiza kwa dole gumba, akaiinua. Akamimina mafuta. Kisha akamwashiria Dirce aiweke ile sahani nje ya dirisha, ambako ukungu wa Januari ulikuwa umekaa juu ya ukingo kama paka.

"Sasa tunasubiri. Chuma nacho hakipendi kuharakishwa."

"Mnaona?" akasema Glavu. "Ugonjwa wa uzee huanzia hapa. Leo mafuta dirishani, kesho viatu kwenye tanuri."

"Wakati tunasubiri niwaulize," akasema Ersilia. "Injini ina njia za maji ndani kwa ndani, zimejikunja kama utumbo. Nani kazitoboa? Keekee inapinda kona?"

"Haipindi," akakiri Sikio.

"Basi zimeingiaje? Nyundo, si wewe msemaji wa vyuma? Waambie."

Nyundo akaangalia kikombe chake. "Donge la mchanga," akasema kwa sauti ndogo. "Unatengeneza donge la mchanga lenye umbo la ile njia, unalipika kama mkate, unaliweka ndani ya kalibu. Chuma kinamiminwa kinalizunguka. Kikipoa, unaubomoa mchanga, unautoa. Panabaki njia."

"Nilimjaza tumbo ili azaliwe na tumbo tupu," akasema Dirce taratibu, kijiko cha mafuta kikiwa hewani.

"Na madonge yale walitengeneza nani, Nyundo?"

"Wasichana. Mikono yao midogo."

"Miaka sitini na minane unakaa baa hii unasimulia kiwanda. Leo ndiyo nimewasikia wasichana wakiingia."

Nyundo akazungusha kikombe chake mezani.

"Bosi alituamuru kila mmoja aweke alama yake kwenye donge," Ersilia akaendelea. "Velia alibonyeza kastabini ya kushonea. Norina alibonyeza punje ya dengu. Mimi pini. Msidhani tulikuwa tunatia sahihi kama wachoraji. Ilikuwa ili chuma kikitoka kilema, wajue ni nani wa kufokewa. Dirce, lete sahani."

Mafuta yalikuwa yameganda, meupe. Ersilia akayapindua juu ya gazeti, akapangusa machicha kwa mgongo wa kisu, akayasukuma mpaka kando ya picha. Katikati ya ule weupe, kimetuna, kilikuwa kiatu cha farasi. Mguu mmoja umenyooka. Mmoja una mawimbi. Kidole kimepinda nje.

"Mama yangu," akasema Sikio.

"Farasi gani huyo mwenye kwato ndogo kama ya kitoto cha mbuzi?" Dirce akauliza. "Miaka thelathini mnamulika tochi, hakuna hata mmoja aliyewahi kumfungua mwanamke nywele?"

Glavu alikuwa mwekundu kuliko gari lake. "Pini! Nchi nzima ina pini! Kila mwanamke ana pini iliyopinda!"

"Nionyeshe mmoja," akasema Ersilia.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Injinia Tassi, mwembamba, ana mkoba mkononi na ukungu kwenye ndevu. Aliagiza kahawa, akasalimia kila mtu kwa kuinamisha kichwa, kisha macho yake yakaanguka juu ya pini ya mafuta. Akasahau kahawa.

"Nani katengeneza hii?"

Vidole vyote, hata vya glavu, vikaelekea kiti cha karibu na jiko.

Wakatoka kundi zima kuvuka barabara. Mlangoni pa gereji Glavu akasimama, akanyoosha mkono. "Bibi Ersilia abaki. Injini iko wazi. Ni sheria ya baba. Pumzi."

"Basi aingie bila kupumua," akasema Dirce, akampitisha bibi chini ya mkono wa Glavu.

Injinia Tassi alikuwa na kioo kidogo kwenye kijiti na taa nyembamba kama kalamu. Akatazama palipokuwa na namba, akasema "mm". Akatazama bolti, akasema "mm". Nyundo aliyekuwa na tumaini la ndege akajikuna sikio. Kisha Injinia akafika kwenye dirisha la ubavuni, akaomba ile pini. Akaiingiza, akailaza juu ya alama. Pini ikakaa. Ikakaa kama kijiko kwenye kijiko, mpaka kidole.

"Pacha," akasema.

"Bahati tu!" Glavu akapaza sauti. "Ushahidi mwingine uko wapi? Injini ya kiwanda chetu ilikuwa ya kitu gani? Kiwanda chetu kilitengeneza pampu za kukausha mabwawa! Mnataka kuniambia baba yangu alishindania vikombe kwa injini ya kunyonya vyura?"

"Alishindania, hakushinda," akanong'ona Sikio, kwa sauti ambayo kiziwi huamini kuwa ni ya chini.

Ersilia hakucheka. Alikuwa amesogea karibu na chuma kile, karibu kuliko mwanamke yeyote kabla yake, na alikuwa anapumua atakavyo. "Injinia," akasema, "mimi nimeitwa ofisini kwa bosi mara moja tu maishani. Palikuwa na injini moja ya pampu, ilipojaribiwa ikachemsha. Wakafungua ubavu, wakaona pini. Wakasema Ersilia kajaza vibaya. Nilifagia uwanja wa kiwanda mwezi mzima, wanaume wakipita wananirushia vipande vya sigara nivifagie. Injini ikatupwa kwenye lundo la vyuma chakavu, nyuma, kando ya ua wa kina Bergonzini. Siku ya tatu haikuwepo."

Watu wote wakamgeukia Glavu. Naye akatazama dari.

"Waliniambia imeziba kwenye tundu la tatu la pistoni. Chukua waya, Injinia. Nyuma ya tundu la tatu, chini, pindisha kushoto."

Tassi akavua koti. Akaingiza waya, akapindisha kushoto, akavuta. Kitu kikakwaruza. Akavuta tena, na kwenye leso yake nyeupe ukamwagika mchanga. Mweusi, uliokauka, uliongoja miaka sitini na minane. Wa kujaza konzi. Na katikati yake kipande cha seng'enge ya kushikilia donge, chenye kutu.

"Ndiyo damu ya mashindano hiyo," akasema Dirce.

"Mchanga kuujaza ilikuwa kazi yetu," akasema Ersilia. Sauti yake haikupanda. "Nasi tulijaza vizuri. Kuutoa ilikuwa kazi ya wanaume. Na mtoa mchanga wa zamu ile alikuwa mmoja."

Katika gereji ile hapakuwa na mahali pa kujificha mtu mwenye mabega kama mlango.

"Ilikuwa Jumamosi," akasema Nyundo. "Palikuwa na dansi. Nilikuwa na haraka."

"Dansini nilikuwepo. Ulinikanyaga vidole usiku kucha. Na siku nilipoitwa ofisini uliniona nimesimama juu ya zulia bila viatu, ukapita."

"Nilikuwa na miaka kumi na sita, Ersilia."

"Mimi kumi na mitano. Halafu ukawa na ishirini. Halafu arobaini. Halafu themanini, umekaa meza ya pili kutoka jikoni, unazungumza habari za ndege."

Nyundo akavua kofia. Kwa Nyundo, katika kuomba radhi, hilo ni hotuba ndefu.

Injinia Tassi akafunga mkoba. "Ni injini ya pampu," akatamka. "Imesubiwa hapa hapa. Nitaandika hivyo."

"Nilisema mimi!" Sikio akaruka. "Tangu mwanzo! Mlio wake una maji maji. Nani alisema ng'ambo ya milima? Labda hamkunisikia vizuri."

Wengine wawili wakakumbuka ghafla kuwa na wao walikuwa wakishuku pampu siku zote. Ilipofika saa sita, Fossavecchia nzima haikuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuamini habari za kiatu cha farasi.

Glavu alikaa kwenye ngazi ya gari lake. Akavua glavu ya kushoto, akavua ya kulia. Mikono yake ilikuwa myeupe na midogo, kama mikono ya mtu mwingine. "Jiwe limeshachongwa, Bibi Ersilia," akasema. "Ningependa, lakini limeshachongwa. Marumaru haifutiki."

"Lina uso tu?"

"Vipi?"

"Nauliza jiwe hilo. Lina uso peke yake, au lina na mgongo?"

Injinia Tassi alikuwa wa kwanza kucheka, na alicheka mpaka akakaa juu ya gurudumu la akiba.

Jumapili bendi ikapiga. Glavu aliendesha mikono mitupu, Bibi Ersilia kando yake amejifunga shali mpaka puani, na gari lile likapita duka la dawa bila kutoa hata mvuke wa kikombe cha chai. Mwuza dawa, aliyekuwa amezoea kutoka na ndoo ya maji kila mara, alibaki nayo mlangoni kama mtu aliyeachwa na mchumba. Wakafika uwanjani, kitambaa kikavutwa. Kwenye ukuta wa manispaa jiwe likasema: VELIA, NORINA, ERSILIA. WALIIJAZA TUMBO. Lile jina la nyumba kubwa lipo bado, kwa herufi za dhahabu, limelala kifudifudi juu ya saruji. Anayelitaka abomoe ukuta.

Baadaye kwa Dirce, wakati vipande vya kukaanga vinapita mkono kwa mkono, Nyundo alisogeza kiti chake karibu na jiko, kwa mara ya kwanza.

"Ersilia," akasema, "pale chini ya majina matatu nimeona pamebaki nafasi kidogo. Nilikuwa nawaza, kwa kuwa na mimi nilihusika..."

Bibi Ersilia akamenya njugu, akampa. "Jina lako limeshawekwa, Nyundo. Muulize Dirce."

Dirce akaelekeza kwa kijiko. Juu ya kaunta, kati ya sukari na mdalasini, palikuwa na chupa ya kioo yenye konzi ya mchanga mweusi na kipande cha seng'enge. Juu yake imebandikwa karatasi, kwa mwandiko safi wa darasa la nne: KAZI YA NYUNDO. HAIJAISHA.